Unataka kuweka injini ya dizeli kwenye gari la auto? Anza na gia boksi

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo tuongelee magari, maana kila nikipita kijiweni stori ni ile ile: fulani katoa injini ya petroli kaweka dizeli, sasa hivi anajaza mafuta mara moja kwa wiki na gari linavuta kama trekta. Sawa, hongera zake. Miezi miwili baadaye unamkuta kituoni anasubiri daladala. Ukimuuliza gari liko wapi anakujibu, "Gia boksi imekufa. Si unajua tena, auto haiwezi dizeli."

Hapo ndipo ninapobisha. Land Cruiser 80 ya dizeli yenye auto imetoka kiwandani hivyo hivyo tangu 1990 na mpaka leo zipo barabarani. Kwa hiyo auto inaiweza dizeli vizuri tu. Isichoweza ni kufungwa kwenye injini ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake, halafu iachwe ijitegemee. Na haya siyatoi kwenye vitabu peke yake, yalitukuta nyumbani.

Mwaka 2012 shemeji yangu, mume wa dada, alistaafu. Kiinua mgongo kikatoka, na kama kawaida ya wastaafu wetu, akanunua gari. Land Cruiser VX, toleo la 1994, injini ya petroli 1FZ-FE ya lita 4.5. Gari zuri, lakini lile dude linakunywa! Baada ya miezi mitatu shemeji alikuwa akiliwasha Jumapili tu, kwenda kanisani na kurudi. Ndipo akakutana na fundi mmoja aliyemwambia, mzee, tutafute 1HD-T iliyotumika, ile dizeli ya lita 4.2 yenye tabo, tuichomeke humo humo. Gia boksi tusiiguse, bado nzima.

Na fundi alikuwa na hoja, tena hoja nzuri, ndiyo maana nataka tuifungue. Alisema hivi: injini ya petroli inatoa nguvu ya kusokota ya kama Nm 370. Hii dizeli inatoa Nm 361. Kumbe dizeli iko chini kidogo! Gia boksi iliyokuwa ikibeba 370 itashindwaje 361? Shemeji akaona hesabu imekaa sawa. Hata mimi niliona imekaa sawa. Hela zikatoka.

Fundi akatafuta ile kofia ya mbele ya gia boksi, ile yenye umbo la kengele, ya kutoka kwenye dizeli. Konveta akaacha ile ile ya petroli, akatoboa matundu upya ili ishike kwenye injini mpya. Kebo inayotoka kwenye pedeli ya mafuta kwenda kwenye gia boksi haikufika mahali pake, akaifunga na waya pembeni. Gari likawaka, likatembea. Mjini hapa Dar lilitembea vizuri kabisa, wiki tano.

Kisha tukaenda Mafinga kwenye harusi. Watu sita, mizigo juu ya keria, masufuria ya kupikia, kreti za soda. Mnaoijua barabara ya Iringa mnaujua mlima Kitonga. Ile kupanda, malori mbele, malori nyuma, upande mmoja ukuta wa mawe na upande mwingine bonde. Katikati ya mlima injini ikaanza kunguruma bila gari kuongeza mwendo. Shemeji akakanyaga zaidi, injini ikanguruma zaidi, gari likapunguza. Harufu ikaingia ndani, kama mtu anachoma plastiki. Halafu likasimama kabisa, jua linazama, lori la mafuta linapiga honi nyuma yetu, na dada yangu anawashusha watoto akiwa ameshika mawe ya kuzuia tairi. Sitaki kuirudia hiyo jioni.

Fundi aliyetufungulia gia boksi kule Iringa alikuwa mzee mmoja asiyependa maneno mengi. Alifungua sufuria ya oili, akachovya kidole, akatuonyesha. Mafuta ya auto yanatakiwa yawe mekundu, haya yalikuwa meusi kama oili ya jenereta. Sahani za klachi zilikuwa zimebaki chuma kitupu. Akamwambia shemeji, "Mzee mwenzangu, hii haijafa kwa uzee. Imekufa kwa njaa."

Njaa gani? Hapa ndipo penyewe.

Gia boksi ya auto haina pedeli ya klachi, lakini ndani yake zimejaa klachi. Ni sahani nyembamba zilizopangwa kama chapati, moja ya chuma, moja yenye utando wa msuguano, zikiogelea kwenye mafuta. Kinachozibana zisiteleze ni mgandamizo wa mafuta, na mgandamizo huo unatoka kwenye pampu moja tu iliyoko mbele. Pampu hiyo inazungushwa na injini kupitia konveta. Injini ikizunguka polepole, pampu nayo inasukuma mafuta kidogo.

Sasa rudi kwenye hesabu ya fundi wetu. Zile Nm 370 za petroli zinapatikana injini ikiwa kwenye mizunguko 3,200 kwa dakika. Zile 361 za dizeli zinapatikana kwenye 1,800. Umeona? Nguvu karibu zilingane, lakini wakati dizeli inapiga ngumi yake kubwa, pampu inasukuma zaidi kidogo tu ya nusu ya yale mafuta iliyokuwa ikisukuma kwenye petroli. Namba ya nguvu peke yake inadanganya. Lazima uulize inatokea kwenye mizunguko mingapi.

Ile kebo iliyofungwa na waya ndiyo ilimaliza kazi. Kwenye gia boksi nyingi za Toyota za miaka ile, kebo hiyo ndiyo inayoiambia gia boksi dereva amekanyaga kiasi gani. Ukikanyaga sana, kebo inavuta valvu ndani na mgandamizo wa mafuta unapanda ili klachi zibanwe zaidi. Isipovutwa, gia boksi inadhani muda wote unatembea taratibu sokoni, inabana klachi kwa upole. Sisi tuko Kitonga na watu sita na masufuria, yenyewe inadhani tuko Kariakoo kwenye foleni. Kuna auto nyingine, hasa za Marekani za zamani, ambazo hazitumii kebo bali zinanusa mvuto wa hewa kwenye bomba la kuingizia hewa la petroli. Dizeli za kawaida hazina mvuto huo, kwa hiyo ukifunga gia boksi ya aina hiyo ujue itabidi utafute pampu ya mvuto na valvu yake, la sivyo gia zitaingia ovyo.

Konveta nayo. Hii ni ile boga la chuma kati ya injini na gia boksi, linalosukumana kwa mafuta badala ya klachi kavu. Gari likiwa limesimama na unaanza kuondoka, konveta huweza kuzidisha nguvu ya injini karibu mara 2. Kwa hiyo ile 361 inapoingia kwenye shafti ya kwanza inaweza kufika kwenye 700 na kitu. Hiyo ndiyo namba inayokata shafti, siyo ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya injini. Kisha konveta ya petroli imepangwa ishike vizuri injini ikishapanda juu. Dizeli haiishi huko juu, inafanya kazi chini, pale ambapo konveta hiyo bado inateleza. Kuteleza ni joto. Joto ndilo linaloua auto kuliko kitu kingine chochote, na wewe dereva hulioni kwa sababu ile geji ya joto kwenye deshibodi ni ya maji ya injini.

Jambo la mwisho kwenye kosa letu ni pale gia zinapobadilika. Kompyuta ya gia boksi ya petroli imezoea kuachia gia juu, mizunguko ikiwa 4,000 na zaidi ukikanyaga mpaka chini. 1HD-T nguvu yake ya juu kabisa iko kwenye 3,600. Ukiiachia kompyuta ya petroli iamue, utapanda mlima mzima na gia ya pili huku injini inalia, au itabadilisha mahali ambapo hakuna maana. Ndiyo maana nasema kontroli boksi na sensa ya pedeli ni sehemu ya gia boksi. Ukinunua gia boksi bila hivyo vitu umenunua nusu.

Na hiyo ni dizeli ya wastani tu. Wapo vijana wanaota kufunga Cummins 6BT kwenye Land Cruiser, ile ya lita 5.9 iliyopo kwenye malori na mashine nyingi. Ndoto nzuri, ila angalia waliotangulia. Kampuni ya Dodge kule Marekani iliiweka injini hiyo kwenye pikapu zake kuanzia 1989, ikiwa na nguvu ya kusokota futi-pauni 400, yaani kama Nm 542, na nyuma yake wakafunga auto ya gia 3 iliyoitwa A727. Baadaye zikaja zenye gia 4: 47RH, kisha 47RE kuanzia 1996, kisha 48RE kuanzia 2003. Sasa sikilizeni hii. Kati ya 1996 na 1998, ukinunua pikapu hiyo yenye gia za mkono ulipewa injini ya futi-pauni 440. Ukitaka auto, unapewa injini ile ile iliyopunguzwa mpaka 420, na farasi wakashuka kutoka 215 mpaka 180. Mwaka 2001 tofauti ikawa kubwa zaidi, 505 kwa gia za mkono na 460 kwa auto.

Yaani watu wenye kiwanda na wahandisi wao waliamua kuipunguza injini ili auto ipone. Halafu wewe unafunga ya kuokoteza, na siku hiyo hiyo fundi anakufungulia skrubu ya pampu "iongeze nguvu kidogo". Jamani!

Majina ya gia boksi yenyewe yanasaidia kama unajua kuyasoma. Kwenye 47RE, 4 ni idadi ya gia za mbele, 7 ni daraja la nguvu, R ni kwamba inaendesha magurudumu ya nyuma, E inaongozwa kwa umeme. Ndugu yake 47RH ile H ni hidroliki, haihitaji kompyuta kupanga gia zake, na ndiyo maana wanaobadili injini huipenda. General Motors wana 4L80E iliyoanza 1991: gia 4, 80 ni daraja la nguvu, tena umeme. Usiichanganye na 4L60E, inafanana jina tu, hiyo ni ya magari mepesi. Wajerumani wa ZF ndio wanyoofu kuliko wote: 8HP45 ni gia 8 na Nm 450, 8HP70 ni gia 8 na Nm 700. Wote wangeandika hivyo tungepumzika. Ila hizi za ZF haziendi popote bila kompyuta inayozungumza nazo, kwa hiyo kwenye bajeti yako ongeza kompyuta ya pekee na mtu anayejua kuipanga. Akikuambia "tutaunga waya tu," ondoka.

Kuna pia Allison 1000 iliyoingia kwenye pikapu za Chevrolet na GMC za 2001 nyuma ya dizeli ya Duramax ya lita 6.6. Ni ngumu kweli kweli. Ni nzito pia, ni ndefu, na uipate wapi huku kwetu na nani atakuuzia sahani zake ikiungua? Mimi gia boksi ambayo spea zake hazipo Gerezani wala Kirinyaga Road kule Nairobi naihesabu kama haipo, hata iwe na nguvu namna gani.

Kitu ambacho watu wanakisahau kabisa ni mwendo. Chukua Land Cruiser 80 yenye tairi za 275/70R16. Mzingo wa tairi ni kama mita 2.5, kwa hiyo kwenye kilomita 100 kwa saa tairi linazunguka kama mara 670 kwa dakika. Zidisha na diff ya 4.1, unapata kama 2,750. Hiyo ndiyo mizunguko ya injini kwenye gia isiyopunguza wala kuongeza. Kwa petroli ni mchezo. Kwa Cummins ya zamani hapo uko ukutani, haina cha ziada, unasafiri Dar mpaka Morogoro injini inapiga kelele za mwisho. Ukiwa na auto yenye ovadraivu ya kama 0.7, mizunguko inashuka mpaka 1,900 na kitu, dizeli imestarehe. Kwa hiyo auto ya gia 3 hata kama ni ngumu kama jiwe, kwenye gari lenye diff fupi itakuudhi. Dodge wenyewe walipotumia ile ya gia 3 waliweka diff ndefu ya 3.07.

Haya, ukiniuliza mimi nichague vipi, nitakujibu kwa unyonge: usiwe mbunifu. Ukitoa petroli ya Land Cruiser 80 ukaweka 1HD-T, tafuta gia boksi ya A442F iliyotoka kwenye dizeli ileile, ije na konveta yake, kontroli boksi yake, kebo yake, sensa ya pedeli, na bomba zake. Kama injini unainunua kule Sharjah au kwa wanaokata magari, mwambie muuzaji akukatie mbele nzima, injini mpaka transfa, usikubali vipande vipande. Kwenye Surf ni hivyo hivyo, ukiweka 1KZ-TE chukua auto ya 1KZ-TE. Gharama inaonekana kubwa siku ya kununua. Shemeji alilipia gia boksi mara mbili, fundi mara mbili, na gari la kuvuta kutoka Kitonga mpaka Iringa mjini. Hesabu ya hilo la kuvuta nimekatazwa kuitaja hadharani.

Ukiamua kuchanganya kampuni tofauti, basi pima kati. Adapta inayounganisha injini na gia boksi ikiwa imekaa pembeni hata kidogo sana, konveta itakuwa inayumba na kula bushi ya pampu, mafuta yataanza kuvuja mbele, na utabadilisha sili kila mwezi ukidhani sili ndiyo mbovu. Fundi wa mashine za kuchonga mwenye saa ya kupimia ndiye anayetakiwa hapo. Jicho halitoshi.

Halafu kipoza mafuta. Gari nyingi za auto mafuta ya gia boksi hupozwa ndani ya rejeta ya maji. Kwa dizeli yenye mzigo haitoshi, funga kipoza cha ziada mbele ya rejeta, na funga geji ya joto kwenye bomba linalotoka gia boksi. Ikisoma nyuzi 80 au 90 lala usingizi. Ikivuka 120 tafuta pa kusimama, acha injini ikizunguka kwenye N mpaka ishuke. Usizime haraka, ukizima pampu inasimama na joto linabaki ndani.

Na kabla hujalipa fundi hela ya mwisho, mwambie afunge geji ya mgandamizo kwenye tundu la kupimia. Breki imeshikwa, magurudumu yamezuiwa, gia iko D, kanyaga mpaka chini, uone mgandamizo unapanda au umelala, na injini inaishia kwenye mizunguko mingapi. Isizidi sekunde 5, na mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma ya gari. Kwa sekunde hizo tano tungeliona tatizo letu pale pale gereji, kabla ya masufuria.

Wale wa "weka gia za mkono uondokane na shida" nawajua mnakuja kwenye maoni. Mna haki yenu. Ila shemeji ana goti bovu la kushoto, klachi ya lori haiwezi, na ndiyo sababu alinunua auto toka mwanzo.

Lile VX bado lipo. Yule mzee wa Iringa alilifunga A442F ya dizeli na kila kitu chake, kebo akaiweka mwenyewe na kuipima mara tatu. Kipoza kimetoka kwenye gari lingine kabisa, kimefungwa na vibano vya nyumbani, hakipendezi lakini kinapoza. Desemba iliyopita tulipanda tena Kitonga, watu saba safari hii. Geji ilifika 104 pale juu karibu na mwisho, shemeji akawa anaiangalia kuliko anavyoangalia barabara mpaka dada akamgombeza.

Mwenye swali la gari lake aandike hapo chini, ataje injini iliyopo, anayotaka kuweka, na herufi za gia boksi kama zilivyo kwenye kile kibati cha kwenye injini. Msiniandikie tu "nina Surf, nifanyeje".